Kwa nini sitaipigia kura SeaWorld

Wazazi wenzangu, na ninyi wanafunzi wa darasa la Twiga na darasa la Swala mnaosoma ukurasa huu kwa kulazimishwa:

Fomu za safari ya kufunga mwaka mmeshapewa. Zina visanduku viwili. Cha kwanza ni SeaWorld, hapa hapa San Antonio, kama tulivyofanya mwaka juzi. Cha pili ni Padre Island, ufukweni, alfajiri. Hadi Jumamosi iliyopita SeaWorld ilikuwa inaongoza kwa mbali, na mwanangu mwenyewe ameitia alama ya vema kubwa kama kiganja. Kamati imeniruhusu niseme langu kabla kura hazijahesabiwa. Nasema kama mwalimu wenu wa kujitolea na kama nesi. Mtaalamu wa samaki mimi siye. (Orka si samaki, najua. Darasa la Twiga wameshanisahihisha.)

Nianze kwa kukiri. Mwaka juzi nilifurahi. Nilipanda kile kigari cha relini kiitwacho Steel Eel, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, na Jumatatu kazini wakadhani naumwa mafua. Kwenye onyesho la orka nilikaa mistari ya mbele pamoja na watoto, tukaloa chapachapa, nikapiga makofi kama wengine. Siandiki kama mtu aliyekuwa anajua kitu wenzake hawajui. Na wala sisemi kwamba kila kinachofanyika pale ni kibaya. Wenyewe wanahesabu wanyama zaidi ya 40,000 waliookolewa tangu kampuni ianze San Diego mwaka 1964: kasa, sili, nguva wa Florida, ndege. Mtu akimtibu kasa aliyekatwa na pangaboi la mashine ya boti, mimi nesi siwezi kumdharau.

Kilichonigeuza ni swali. Wiki ile baada ya safari niliwaambia watoto waandike sentensi tano kwa Kiswahili kuhusu walichokiona. Mtoto mmoja wa miaka minane akaandika sentensi nne, ya tano akaiacha, akainua mkono: "Mwalimu, orka wanaongea lugha gani?" Darasa lote likacheka. Nikamwambia nitakuletea jibu Jumamosi ijayo, kama waalimu tunavyosema tukiwa hatuna jibu.

Jibu lenyewe ni hili. Orka, yule mweusi na mweupe ambaye Waingereza humwita nyangumi muuaji, ni wa ukoo wa pomboo. Wale waliochunguzwa sana, wa pwani ya British Columbia huko Kanada, huishi na mama yao maisha yote, hata dume lililokomaa. Na kila jamaa ina milio yake. Mtafiti John Ford alisikiliza sauti zao kwa miaka, akaonyesha kwamba kikundi hiki kina milio ambayo kikundi kile hakina, na mtoto huipata kwa kukaa na mama yake na ndugu zake. Ni lahaja. Hakuna neno jingine la Kiswahili linalofaa. Kama ninyi wa Bukavu mnavyosema "kuya" nami wa Pangani nikasema "njoo", tukaelewana, lakini kila mtu akajua mwenzake ametoka wapi.

Sasa someni hili polepole. Orka jike anayeitwa Corky alikamatwa kwenye maji hayo ya Kanada mwaka 1969, akiwa bado mtoto. Tangu mwaka 1987 yuko SeaWorld ya San Diego, amewekwa bwawani pamoja na orka ambao asili yao ni Iceland, bahari nyingine kabisa. Mimi nilikuja Marekani nikiwa na miaka ishirini na sita, na bado ikifika Jumamosi nasikia raha ya kipekee mtu akinisalimia "shikamoo" bila kuigiza. Corky alikuwa mdogo kuliko watoto wa darasa la Swala.

Hapa kwetu San Antonio kuna jike mwingine, Takara. Mama yake aliitwa Kasatka, alikamatwa karibu na Iceland mwaka 1978. Takara mwenyewe alizaliwa bwawani San Diego mwaka 1991. Mwaka 2004 akahamishiwa Orlando, mama akabaki California. Baadaye Takara akaletwa Texas. Aprili 2017 alizaa hapa mtoto jike, Kyara, na huyo ndiye aliyekuwa wa mwisho kuzaliwa katika bustani zao, kwa sababu mwaka mmoja kabla, Machi 2016, kampuni ilitangaza kwamba haitazalisha orka tena. Kyara aliishi miezi mitatu. Kifua kilimshinda, Julai akafa. Agosti, kule San Diego, Kasatka naye akafa, naye kwa ugonjwa wa mapafu. Katika wiki tatu Takara alipoteza mtoto na mama, na mama walikuwa hawajakutana kwa miaka kumi na mitatu.

Nimefanya kazi wodi ya magonjwa ya kifua. Sitajifanya najua Takara alihisi nini. Ila najua mgonjwa aliyekaa mno mahali padogo anavyokuwa, na baadhi ya dalili nilizozisoma kuhusu orka wa mabwawani hazihitaji digrii. Meno yao husagika na kuvunjika kwa kutafuna saruji na vyuma vya malango, mpaka hutobolewa na kusafishwa kila siku. Pezi la mgongoni la madume makubwa hulala upande mmoja kama jani lililonyauka. Baharini pezi hilo husimama wima, refu kuliko mimi, na kulala ni nadra. Baharini pia orka anaweza kuogelea zaidi ya kilomita 100 kwa siku moja. Kutoka kwenye bwawa la San Antonio hadi chumvi ya bahari iliyo karibu ni zaidi ya kilomita 200.

Kuna watu waliolipia zaidi. Tarehe 24 Februari 2010, kule Orlando, mkufunzi Dawn Brancheau aliuawa na orka dume aitwaye Tilikum, mbele ya wageni. Tilikum alikuwa ameshahusika na kifo cha mkufunzi mwingine Kanada mwaka 1991, kabla hajanunuliwa. Filamu ya Blackfish ya mwaka 2013 ilisimulia habari hiyo, na tangu kifo hicho mambo mengi yamebadilika: wakufunzi hawaogelei tena na orka kwenye maonyesho, na onyesho lenyewe limepewa sura ya somo. Wazazi wenye watoto wadogo, filamu hiyo itazameni ninyi kwanza.

Kwenye kikao cha wazazi nilisema karibu yote haya, na nilijibiwa. Baba mmoja alisema: "Mwalimu, wale wanyama wanakula mara ngapi kwa siku? Wana daktari, hawafukuzwi na mtu. Ndugu zetu wangapi wana hayo?" Watu wakaguna kukubali. Kabla sijafungua mdomo, mama mmoja ambaye kwa kawaida hukaa nyuma akisuka nywele za binti yake alisema bila kuinua macho: "Mimi nilikaa Nyarugusu miaka kumi na saba. Chakula kilikuwa kinaletwa. Dispensari ilikuwepo." Akaendelea kusuka. Kikao kikahamia kwenye ada ya ukumbi.

Yule baba naye namwelewa. Anafanya kazi usiku ghalani, siku ya mapumziko ni moja, na watoto wake shuleni wanasikia wenzao wakisimulia SeaWorld kila kiangazi. Anataka wanawe wawe na la kusimulia. Hilo si jambo dogo kwa mtoto mgeni. Na vigari vile havimdhuru mnyama yeyote. Kama familia yako inataka kwenda kwa ajili ya vigari na mabwawa ya kuteleza, nendeni kwa amani, mniletee picha.

Ninachopinga ni kwenda sisi kama shule ya lugha. Kila Jumamosi mnawaamsha watoto hawa saa mbili asubuhi, wengine wakilia, ili wasipoteze lugha ya mama zao. Halafu siku ya sherehe yetu tuwakalishe kwenye viti vya plastiki kumpigia makofi mnyama aliyezaliwa bwawani kwa sababu bibi yake alinyang'anywa mama. Mtoto wa miaka minane ameshaniuliza swali. Mwaka huu nikimkalisha pale nitakuwa najua jibu, naye pia.

Najua pia kuna atakayesema mbona kwenu ni vilevile. Kweli, kwetu si wasafi. Wavuvi wa Zanzibar walikuwa wakiwavua pomboo kufanya chambo cha papa. Baadaye watalii wakaja, pomboo wa Kizimkazi wakawa na thamani wakiwa hai, na sasa tatizo ni maboti yanayowakimbiza asubuhi nzima ili wageni wajitupe majini juu yao. Kule Pangani tulikula mayai ya kasa utotoni, na sikuambiwa na mtu kwamba ni vibaya. Siku hizi kasa wakitaga kwenye Kisiwa cha Maziwe, ambacho kimebaki fungu la mchanga linalozama maji yakijaa, mayai huhamishiwa Ushongo ili yasioze, na wanakijiji huenda kutazama vikasa vikitoka. Vijana walewale ambao baba zao walikuwa wachimba mayai.

Hicho ndicho kisanduku cha pili kwenye fomu. Padre Island ni saa tatu kwa basi kutoka hapa. Kuna kasa mdogo aitwaye Kemp's ridley, ambaye karibu wote duniani walikuwa wakitaga katika ufuko mmoja tu, Rancho Nuevo, Mexico. Mwaka 1947 mtu mmoja alipiga filamu ya maelfu kwa maelfu wakitaga kwa siku moja. Mwaka 1985 viota vya mwaka mzima vilikuwa kama 700. Wamexico na Wamarekani walikuwa wameshashtuka: kuanzia mwaka 1978, kwa miaka kumi na moja, mayai zaidi ya 20,000 yaliletwa Padre Island kwenye masanduku yenye mchanga wa Texas. Vikasa vilipoanguliwa viliachwa vitambae ufukweni hadi majini ili viushike ufuko huo kichwani. Halafu watu wakangoja. Kasa hawa huchukua miaka kumi na zaidi kukomaa. Mwaka 1996 majike wa kwanza waliothibitishwa kuwa wa kundi hilo walirudi kutaga, wakarudi Texas, pwani ambayo mama zao hawakuwahi kutagia. Watoto wa shule hii, ninyi mtaielewa habari hiyo kuliko mimi.

Wakati wa kiangazi, viota vikianguliwa, wahifadhi wa pale huwaruhusu watu kusimama nyuma ya kamba na kutazama vikasa vikiteremka baharini. Hakuna kiti, hakuna muziki, na hakuna anayeruhusiwa kuvigusa. Baadhi yao huishia kwa ndege na kaa, siwezi kuwaficha. Huwa ni asubuhi mapema, kama saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Saa ya Kiswahili hiyo, watoto, msije mkanikosa kwa kuja jioni.

Shida yake ni hii, na mweke alama mkiijua: hakuna tarehe. Mayai hayasomi kalenda ya shule. Mtu hupiga simu jioni na kusikiliza ujumbe unaosema kesho wataachiwa au hawataachiwa. Kwa hiyo itabidi tuwe tayari kwa wiki mbili, tupigiane simu usiku, na basi liondoke saa tisa usiku. Wanaofanya kazi zamu ya usiku watatoka kazini moja kwa moja, mimi nikiwa mmojawapo. Inawezekana kabisa tufike tuambiwe viota vimechelewa, tukabaki na bahari, mchanga na sambusa. Dereva amekubali, amesema yeye anachotaka ni kahawa tu.

Tukikosa vikasa kabisa msimu mzima, fedha za basi zitakuwa zimekwenda, na mtanilaumu, na itakuwa haki yenu. Nimemwambia hivyo mweka hazina.

Fomu zirudishwe kwa Mama Amina kabla ya Jumamosi saa nne. Walioshatia alama kwenye SeaWorld na wanataka kubadilisha waombe fomu mpya, zipo, wasikwanguekwangue ile ya zamani. Na yule mwanafunzi wa sentensi ya tano: bado nakudai sentensi yako.