Usimcheke Aulizaye Jambo Dogo



Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na leo nataka kukiri kosa langu. Siku moja Bwana Shamba wetu alichomeka kipimajoto katika lundo la mboji kwa mkulima mmoja, akawa anaandika hesabu asubuhi na jioni, juma zima. Nilicheka. Nikasema, "Joto la takataka lamfaa nani?" Mimi niliyesomea ualimu, nikamcheka mtu kwa kuuliza!

Baadaye nilisoma habari za Bwana Thomas Brock, mtaalamu wa vijidudu wa Marekani, nikaona haya.

Bila shaka umesikia habari za chemchemi za moto za Ziwa Bogoria. Marekani nako iko mbuga iitwayo Yellowstone, yenye chemchemi nyingi za namna hiyo. Brock alifika huko mwaka 1964. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba hapana kiumbe kiwezacho kuishi katika maji ya moto mno. Yeye aliona nyuzi za rangi ya waridi katika maji ya digrii zaidi ya 80, akajiuliza: hizi ni nini? Akatundika vipande vya kioo ndani ya maji yachemkayo, akaviacha siku kadhaa. Alipovitazama kwa hadubini, aliona vijidudu vimejishika na kuzaana.

Mwaka 1966 yeye na mwanafunzi wake, Hudson Freeze, walipata kijidudu kipendacho joto la digrii 70, wakakiita Thermus aquaticus. Maji ya joto hilo yatakubabua mkono. Brock hakukificha, alikiweka katika ghala ya kuhifadhia vijidudu, apate kila atakaye kujifunza.

Faida yake ilikuwa nini? Jibu lilikawia miaka karibu 20. Mwaka 1983 Mmarekani mwingine, Kary Mullis, alibuni njia ya kuzidisha DNA, yaani alama za urithi za kiumbe, hata zitoshe kutambuliwa. Lakini kazi ile yahitaji joto la digrii 95 hivi, tena na tena, na kimeng'enya kilichofanya kazi hiyo kiliharibika kila joto lilipopanda. Dawa ikawa kimeng'enya cha kijidudu cha Brock, ambacho huvumilia moto. Leo njia hiyo husaidia kutambua ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe, na virusi vya ule ugonjwa wa mahindi uliozuka Bomet mwaka 2011. Brock, aliyefariki mwaka 2021 akiwa na miaka 94, hakupata fedha katika biashara ile, wala hakulalamika.

Turudi kwenye lundo letu. Mboji nzuri hufika digrii 60 na zaidi kwa kazi ya vijidudu vipendavyo joto, na wataalamu wamekuta humo hata vya ukoo wa Thermus. Joto hilo huua mbegu nyingi za magugu na viini vya magonjwa. Hesabu za Bwana Shamba zilionyesha kwamba lundo lile limepoa mapema kwa ukavu. Mkulima akatia maji, akaligeuza, na joto likarudi. Basi lilimfaa mtu!

Wewe huna haja ya kipimajoto. Chomeka fimbo katikati ya lundo, na baada ya siku chache ichomoe uishike. Ikiwa ya moto na yenye unyevu, kazi yaendelea. Ikiwa baridi na kavu, tia maji ugeuze.

Najua utasema, "Nina deni la shamba na karo ya watoto, sina nafasi ya mambo ya wataalamu." Sikuombi fedha. Wakija kuchukua udongo wako au damu ya ng'ombe wako, usiwafukuze. Waulize wanatafuta nini, na udai kuletewa majibu, kwa maana ni haki yako. Na mtoto wako akiuliza kwa nini lundo latoa moshi, usimwambie anyamaze. Mpe fimbo aichomeke mwenyewe.