Programu Nayo Ifanye Mtihani

Ukipita maabara ya kompyuta siku ya kukusanya kazi, utasikia wimbo uleule: "Yangu inafanya kazi, bwana!" Ukiuliza umejuaje, jibu ni kwamba ameingiza namba moja, jibu likatoka. Mimi nasema hiyo bado haijapimwa.

Chukua mfano unaotugusa sisi wa ualimu. Matokeo ya kidato cha nne, A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30. Chini ya hapo ni F. Mtu anaandika fanksheni ya kutoa madaraja. Anajaribu 80, inatoka A. Anajaribu 20, inatoka F. Anaridhika. Kumbe ndani ameandika "zaidi ya 75" badala ya "75 au zaidi". Mtoto wa watu aliyepata 75 kamili anapewa B, na kompyuta hailalamiki hata kidogo.

Dawa yake ni yuniti testi, yaani msimbo mfupi unaopima kipande kimoja cha programu. Kwenye Python huna haja ya kusakinisha kitu. Anza na mstari mmoja:

assert daraja(75) == "A"

Jibu likiwa tofauti, programu inasimama na kukuonyesha mstari wenyewe. Ukishazoea, hamia kwenye unittest, inayokuja na Python yenyewe. Na usipime namba za katikati tu. Makosa hujificha mipakani. Pima 75 na 74, 45 na 44, 30 na 29. Pima 0 na 100. Halafu ingiza 101 uone kama itakataa.

Wapo wanaosema kazi zetu ni fupi mno, testi zinakula muda. Mbona kazi fupi ndiyo nzuri ya kujifunzia? Tena testi ukiiandika leo, wiki ijayo ukibadilisha msimbo unaiendesha tena kwa sekunde chache. Ni kweli haiwezi kukamata kila kosa. Inapima kile tu ulichofikiria kuuliza. Lakini huko kufikiria ndiko kujifunza kwenyewe.

Mwalimu hasahihishi mtihani bila mwongozo wa majibu. Basi wahadhiri wetu wa programu, testi nazo zipewe alama, maana kisichokuwa na alama wanafunzi hatukigusi. Na wewe mwenzangu, kabla hujakusanya kazi yako, iandikie testi tatu tu. Ikifeli, heri ifeli mbele yako.