Saini Isiyo na Uelewa Si Ridhaa

Katika tiba, saini ya mgonjwa asiyeelewa upasuaji anaoukubali haihesabiwi kuwa ridhaa. Ajabu ni kwamba kanuni hiyo husahaulika wodi inapojengwa. Mkunga huoneshwa mistari iliyochorwa karatasini, huitikia kwa adabu, na jengo huhesabiwa kuwa limekubaliwa na watumiaji wake.

Dawa ya kasoro hii ni nyepesi. Wodi ya kujifungulia ichorwe kwa chaki sakafuni mwa ukumbi, kwa vipimo vyake halisi. Maboksi yasimamishwe badala ya kuta, na kitanda halisi kiwekwe mahali pake. Kisha waitwe wakunga, wafanya usafi na akina mama waliokwisha kujifungua, waigize dharura: mama anayevuja damu baada ya kujifungua akimbizwe chumba cha upasuaji. Hapo ndipo itakapobainika iwapo machela inakata kona, iwapo mkunga mmoja anawaona wazazi wote, na iwapo msindikizaji ana pa kukaa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mama awe na msindikizaji amtakaye wakati wa uchungu. Pasipo nafasi wala faragha, pendekezo hilo hubaki maandishi tu.

Njia hii si ngeni. Mjini Brussels, miaka ya 1970, msanifu majengo Lucien Kroll aliwashirikisha wanafunzi wa udaktari kusanifu makazi yao wenyewe, wakipanga na kupangua vipande vya sponji kwenye mfano wa jengo. Ikiwa mwanafunzi alisikilizwa kuhusu chumba chake cha kulala, mkunga anastahili zaidi kusikilizwa kuhusu chumba ambamo uhai huokolewa au hupotea.

Wapo wanaohofu kwamba watumiaji wataomba makubwa kuliko bajeti. Hofu hiyo ina ukweli, na uimara wa nguzo utabaki kuwa kazi ya mhandisi. Lakini kusogeza boksi ni kazi ya dakika moja, ilhali kubomoa ukuta wa zege husubiri bajeti nyingine, na wagonjwa hawasubiri.

Basi bodi za hospitali zisiidhinishe ramani ya wodi yoyote kabla mkunga na mfanya usafi hawajatembea ndani ya mfano wake.