Aliyejichubua Naye Ni Mgonjwa Wetu

Katika vitabu vidogo kama hiki tunasoma kila mara makala ya aina moja juu ya wanawake wanaojichubua ngozi. Mwandishi anaanza kwa kusifu weusi wa babu zetu, anapita kwa wazungu na utumwa wa akili, na mwisho anatoa hukumu: hao wameikana asili. Kwa upande wangu sina neno la kupinga juu ya uzuri wa ngozi nyeusi. Lakini kuna swali moja ambalo makala hizo hazilijibu hata siku moja: huyo mama ambaye uso wake umeshaharibika, aende wapi? Maana yeye hayuko kwenye karatasi. Yuko hapa Baraka, mlango wa tatu kutoka kwako, amejifunga kitambaa mpaka mashavuni, na sokoni anatoka jioni tu, wakati macho ya watu yamepungua.

Tunamcheka. Hiyo ndiyo kazi tunayoifanya vizuri. Vijana wa kando ya barabara wanamwita Fanta-Koka, uso wa Fanta na vidole vya Koka, kwa sababu viungo vya vidole, masikio na viwiko hukataa kugeuka rangi. Wahubiri wanamtaja bila jina, lakini kila mtu kanisani anageuza shingo. Walimu wanamtumia kama mfano darasani. Na sisi watu wa utamaduni tunamwandika. Halafu tunashangaa kwamba akiumwa anajificha! Dai langu ni hili, na anayetaka kulipinga alipinge: aibu tunayomvika huyu mama ndiyo inayomchelewesha kufika kwa muganga, na huko kuchelewa ndiko kunakogeuza doa kuwa ulemavu.

Tuangalie basi ni kitu gani kiko ndani ya vile vikopo. Vingine vinavuka ziwa kutoka Kigoma, ambako mchanganyiko huo wanauita mkorogo. Vingine vinateremka kwa barabara ya Uvira. Usidanganywe na picha ya msichana anayecheka. Ndani mara nyingi kuna kimoja kati ya vitu vitatu, au vyote pamoja. Kuna hidrokwinoni, ambayo inazuia ngozi kutengeneza rangi yake. Kuna zebaki, ambayo kwenye etiketi inajificha chini ya majina kama kalomeli, au haiandikwi kabisa. Na kuna kortikoidi kali kama klobetasoli. Hii ni dawa ya kweli, imetengenezwa kwa magonjwa ya ngozi, itumike kwa muda mfupi na kwa agizo la muganga. Muuzaji anachanganya yote katika kopo moja, anaongeza losyo ili inukie, na hapo hata yeye mwenyewe hajui tena anauza nini.

Mwaka 1975, kule Pretoria, daktari Findlay na wenzake walieleza ugonjwa waliouona kwa wanawake waliotumia hidrokwinoni kwa muda mrefu: madoa meusi yenye kuelekea bluu, yenye chembechembe, hasa kwenye mashavu. Yaani dawa ya kuondoa weusi inaleta weusi mwingine ambao hauna dawa rahisi. Mtego uko hapo. Mama anaona doa, anafikiri pomadi imepungua nguvu, anaongeza. Doa linapanuka, anaongeza tena. Kama angekuwa na mtu mmoja tu wa kumwonyesha bila kuogopa, angeambiwa mapema: acha, na ujikinge na jua. Afrika ya Kusini ilikataza hidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990. Sisi bado tunaipanga mezani karibu na chumvi.

Juu ya kortikoidi nataka hasa watu wa mahubiri wanisikilize. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya Biblia. Mishipa inaonekana, michirizi mipana inatokea mapajani na kwapani, chunusi na nywele zinaota usoni. Choa kinaenea huku kimebadilika sura, hata muganga anaweza asikitambue. Tena dawa hiyo haibaki juu ya ngozi. Inaingia damuni, inapandisha sukari na presha. Na siku ya kushonwa kidonda, uzi unakata nyama kama unashona nguo iliyooza.

Binti mmoja niliyemfundisha zamani alizaa kwa kupasuliwa, katika hospitali moja. Kidonda kilifunguka mara mbili. Waliuliza kama ana sukari, wakauliza kama ana upungufu wa damu. Hakuna aliyeuliza anapaka nini, na yeye hakusema, kwa maana mama mkwe wake alikuwa amesimama pale pale kando ya kitanda. Ni dada yake aliyekuja kuleta kile kikopo, kimefichwa chini ya sahani ya ugali, siku ya kumi na moja. Siku kumi na moja, kwa ajili ya sentensi moja!

Sasa mhubiri anapaza sauti: tupeni leo hii, yote, motoni! Neno zuri, lakini linaweza kuua. Mwili uliopakwa kortikoidi kali kila siku, mwili mzima, kwa miezi au miaka, unaweza kuacha kutengeneza homoni yake wenyewe ya namna hiyo. Ukikata ghafla, mtu analegea, anatapika, presha inashuka, na akipata homa kali au akipasuliwa anaweza kufa. Hata asipofika huko, uso wake unalipuka: wekundu, kuwasha, kuvimba, kwa majuma mengi. Akiona hivyo anarudi kwenye kopo, na sisi tunasema ana kichwa kigumu. Zebaki na hidrokwinoni ziachwe leo, ndiyo. Kortikoidi inashukwa kama ngazi, chini ya macho ya muganga, naye ndiye atakayempa mgonjwa kitu cha kushukia. Na kwa kuwa mama hajui kopo lake lina nini, basi asilitupe. Alipeleke hospitali, na etiketi yake, na hata sabuni.

Zebaki ina hadithi yake, na kwetu ndiyo ya hatari kuliko zote. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wao juu ya watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo unaovimbisha mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia pomadi za kung'arisha ngozi zenye zebaki, na baadhi yao walipata nafuu baada ya kuziacha. Miaka zaidi ya hamsini imepita. Sasa niambieni: hapa Fizi mtu akiamka uso umevimba, na jioni viatu havimwingii, neno gani linatangulia? Karuho. Amelishwa sumu. Na kusema kweli ni sumu, lakini aliyeiweka siye jirani. Familia inakwenda kwa mufumu, mufumu anaelekeza kidole kwa bibi kizee wa nyumba ya pili, na tunajua vizuri kidole cha namna hiyo kinafikisha watu wapi. Mkojo wenye povu hauhitaji mufumu. Kuna kijikaratasi cha kuchovya katika mkojo kinachoonyesha kama figo zinavuja. Lakini ni nani atakayemchovyea, ikiwa mgonjwa ameapa kwamba hapaki kitu?

Wenye pesa, wale wa Kinshasa na Dubai, mtindo wao umeshageuka. Siku hizi wanajazwa mashavu na midomo kwa sindano ili uso uonekane mnene na wa kijana. Nao wanaharibika: sindano ikiingia katika mshipa wa damu, ngozi ya pale inaweza kufa, hata jicho linaweza kupofuka. Lakini tazameni namna wanavyotibiwa. Kama walichojazwa ni asidi ya hialuroniki, iko dawa inayoiyeyusha, hialuronidase, nayo inatakiwa ipigwe haraka, ndani ya saa chache. Kama ni silikoni, haiyeyuki. Kwa hiyo muganga anaanza kwa kuuliza: walikujaza nini, na lini? Yule tajiri anajibu, maana amelipa na anautaka uso wake. Mama wa kwetu akiulizwa alipaka nini, anajibu: «Hakuna kitu, ni jua.»

Najua wazee wa shirika letu watasema: mwalimu, unatetea maovu. Hapana, wazee wangu. Tena naomba tuzungumze mila kwa ukweli. Nani aliyemfundisha msichana wa Fizi kwamba mwekundu ndiye mzuri? Si tyubu iliyomwanza. Siku ya kuzungumza mahari tunasikia kwa masikio yetu: «Binti yetu ni mwekundu, mmemwona.» Kwenye arusi wanamuziki wanaimba vilevile, na wanaume wanarusha franka. Mama anayepaka amesikia bei ikitajwa, akafanya hesabu.

Na mila yenyewe inasema nini juu ya mtu aliyeharibika mwilini? Chukueni butende. Vijana wetu walipotahiriwa porini, wako ambao vidonda vyao vilioza. Kazi ya aliyewekwa kuwalinda ilikuwa kuosha, kufunga na kutafuta majani, sio kumwita kijana mbele ya wengine na kumcheka. Babu zetu walijua mapambo yanauma: chanjo za usoni na tumboni zilikatwa kwa chuma, na chuma kinaleta usaha. Sijasikia kwamba aliyeoza chanjo alifukuzwa kwenye moto wa wazee. Hiyo ndiyo sehemu ya mila tuliyoisahau, tukabakiza ile ya kusifia mawese na ngula. Mawese ni mazuri, napaka mwenyewe. Lakini mawese hayafungi kidonda cha upasuaji.

Sheria zipo, sitazikalia sana. Rwanda ilianza kukamata vipodozi hivi madukani kwa nguvu mwishoni mwa mwaka 2018. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki umeanza kufanya kazi mwaka 2017, na mwaka 2023 mataifa yalikubaliana kwamba ifikapo 2025 kipodozi chochote kisiwekwe zebaki, hata kidogo. Vizuri sana. Ila boti za ziwani zinafika usiku, na hata kama zisingefika tena, yule ambaye mashavu yake yamekwisha kuwa ya bluu bado yupo.

Kwa hiyo naleta ombi kwa kamati, kabla ya sherehe yetu ijayo. Ile saa tuliyopanga kwa ajili ya hotuba juu ya «wanaokana rangi yao», tuitoe kwa muuguzi wa uzazi. Aje na vikopo vitupu, aeleze kila kimoja kina nini na namna ya kukiacha bila kujiua. Tuandike pia barua kwa waganga wakuu wa maeneo ya afya ya hapa kwetu, tuwaombe kwamba mama mwenye mimba akija kupimwa aulizwe, pamoja na maswali mengine: unapaka nini mwilini? Aulizwe akiwa peke yake, mlango umefungwa. Mama mkwe atangoja nje.