Kabla ya Mbio Kuna Maji

Kuna kanuni moja ya traiathloni ya Olimpiki ambayo kila shabiki wa riadha humu nchini angefaa kuijua. Mashindano hayo huanza kwa kuogelea mita 1,500, yakafuatwa na kilomita 40 za baiskeli, kisha kilomita 10 za kukimbia, bila mapumziko. Baiskeli huendeshwa kwa mizunguko katika barabara zilizofungwa, na mshiriki akipitwa mzunguko mzima na wanaoongoza, huondolewa papo hapo. Viatu vyake vya kukimbilia hubaki vilipowekwa, havijaguswa.

Sasa mfikirie kijana wa Kenya anayekimbia kilomita 10 kwa dakika 28. Katika Olimpiki ya Paris, tarehe 31 Julai 2024, Mwingereza Alex Yee alimpita Hayden Wilde wa New Zealand mwishoni kabisa na kutwaa dhahabu. Kilomita zake 10 alizimaliza chini kidogo ya dakika 30. Ni kweli alikuwa amekwisha kuogelea na kuendesha baiskeli kwa zaidi ya saa nzima, na anapokuwa hajachoka yeye mwenyewe ameshakimbia mita 10,000 chini ya dakika 28. Hata hivyo, ukitafuta mahali penye vijana wengi wenye miguu ya namna hiyo, utaishia Kenya. Shida ya kijana wetu ingeanza mapema. Walio bora hutoka majini baada ya dakika 20 hivi. Akitoka dakika sita nyuma yao, atapanda baiskeli peke yake, akikata upepo peke yake, huku walio mbele wamejificha mgongoni mwa wenzao na kupokezana kazi. Paris ilikuwa na mizunguko saba, kila mmoja ukichukua kama dakika saba au nane. Kabla hajafika nusu, angekuwa ameshapitwa na kutolewa nje.

Kwa hiyo taifa linalosifika duniani kwa mbio halijawahi kuwa na mshiriki wa traiathloni katika Olimpiki. Paris ilikuwa na nafasi 55 za wanaume na 55 za wanawake. Togo ilikuwepo kupitia Eloi Adjavon, Morocco kupitia Jawad Abdelmoula, na Afrika Kusini ilimleta Henri Schoeman, aliyeshinda nishani ya shaba Rio mwaka 2016. Kenya haikuwepo. Wengine watasema huu ni mchezo wa kigeni, wa watu wenye pesa. Jibu hilo linawaachilia haraka mno wale wanaopanga jiji la Nairobi, kwa maana traiathloni hupima mtu pamoja na mji uliomlea. Humuuliza alijifunzia wapi kuogelea akiwa mtoto, na alipata wapi barabara ya kuendeshea baiskeli bila kuhofia maisha yake.

Tuanze na maji. Mtu wa katikati ya jiji ana kidimbwi cha YMCA kwenye barabara ya State House, na kile cha uwanja wa Nyayo. Kasarani kuna bwawa kubwa lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Upande wa magharibi mambo ni tofauti kabisa. Lavington, Kileleshwa na Karen zina vidimbwi tele, lakini viko nyuma ya ukuta: vya shule za binafsi, vya vilabu vya wanachama, vya hoteli, vya majumba ya kukodisha. Mtoto wa Kawangware hutembea dakika chache tu kufika kwenye kuta za Lavington, na anaweza kufikisha umri wa miaka 18 bila kuingiza kichwa majini hata mara moja. Mtaala wa umilisi unataja kuogelea miongoni mwa mambo anayopaswa kujifunza mwanafunzi wa madarasa ya chini. Katika shule nyingi za umma za Dagoretti somo hilo hufundishwa ubaoni, kwa chaki.

Mwanatraiathloni wa kulipwa huogelea kilomita 20 au zaidi kwa wiki. Ukimpa kidimbwi cha hoteli chenye urefu wa mita 15, itambidi ageuke zaidi ya mara 1,300 ili atimize hesabu hiyo, akikwepa watoto wenye maboya na wageni waliokuja kupunga hewa. Huwezi kumjenga muogeleaji namna hiyo. Na kuogelea hakungoji mtu akomae. Mwenye kuanza akiwa na miaka 20 hupigana na maji maisha yake yote, ilhali aliyeanza akiwa na miaka saba hubebwa nayo.

Kipaji hakikosekani. Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, aliweka rekodi ya Olimpiki katika mchujo wa mita 100 za kipepeo kule Beijing mwaka 2008, akamaliza wa tano katika fainali. Miaka miwili baadaye alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Delhi katika mita 50. Ndugu yake David pia aliogelea Beijing. Kwamba jina la Dunford bado ndilo la kwanza kutajwa kila inapozungumzwa habari ya kuogelea Kenya ni ushahidi wa jinsi mlango ulivyo mwembamba.

Maji ya wazi ndiyo balaa zaidi, nayo ndiyo hutumika katika mashindano. Naivasha kuna viboko. Ziwa Victoria lina kichocho. Kwa mkazi wa Nairobi, jawabu la uhakika ni kupanda treni hadi Mombasa. Na pale Lang'ata, karibu na Kibera, lipo Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953. Wazee wa jiji wanakumbuka mashua za tanga na wavuvi wa kujifurahisha. Leo limesongwa na magugu, na maji yake ni taka ya mitaa iliyonyimwa mabomba ya majitaka. Wafaransa walipoamua kwamba wanatraiathloni wataogelea katika mto Seine, ambako kuogelea kulipigwa marufuku mwaka 1923, walitumia takriban yuro bilioni 1.4 kuusafisha. Mvua iliponyesha, uchafu ulirudi na mbio za wanaume zikaahirishwa kwa siku moja, watu wakawacheka. Lakini Julai 2025 wakazi wa kawaida wa Paris waliruhusiwa kuoga katika mto huo, mahali patatu. Michezo ilikuwa imepita. Maji yakabaki kuwa yao. Hapo ndipo penye funzo kwa wanaosimamia ufufuzi wa Mto Nairobi: mto hupimwa kwa mtoto anayeweza kuuingia.

Kuhusu baiskeli, magharibi mwa Nairobi kuna historia ambayo miji mingi mikubwa ingeililia. Katika kijiji cha Mai-a-Ihii, Kikuyu, David Kinjah amekuwa kwa miongo kadhaa akiwalea vijana katika kikundi chake cha Safari Simbaz. Kinjah mwenyewe aliwahi kuendesha baiskeli kwa timu ya kulipwa ya Italia. Nyumbani kwake, chini ya mabati, watoto hufundishwa kufungua gurudumu, kuziba pancha, kunyoosha rimu, ndipo waruhusiwe kupanda. Mmoja wa watoto waliofika hapo alikuwa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kuletwa na mama yake. Aliendesha na vijana wa Kikuyu kwenye miinuko ya huko na hadi milima ya Ngong, inayofika karibu mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 2006 alivaa jezi ya Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne. Mwaka 2008 alihamia leseni ya Uingereza. Kisha akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017.

Kumlaumu Froome kwa kuhama ni kukosea shabaha. Swali zito ni wenzake waliobaki, wale aliokuwa akifukuzana nao kwenye vumbi la Dagoretti, walipewa nini. Barabara zile zile leo zimejaa. Ukitoka Kikuyu kuelekea mjini kwa Waiyaki Way, unapita Kinoo, Uthiru na Kangemi, na ukingo wa barabara unaugawana na bodaboda, mikokoteni, wauza matunda na matatu zinazokata ghafla kuokota abiria. Mwendesha baiskeli anayefanya mazoezi ya saa nne hulazimika kuondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, taa mbele na nyuma, ili awe ameshafika Limuru kabla msongamano haujaanza. Barabara ya Magadi ina mteremko wa kuvutia kutoka Kiserian hadi joto la bondeni, na kupanda kurudi ni mazoezi ambayo mtu wa Ulaya angesafiri kuyatafuta. Lakini lori likikupita kwa kasi pale, hakuna nafasi ya kukwepea.

Jumla ya kazi ya mwanatraiathloni wa kulipwa ni saa 25 hadi 30 kwa wiki, kuogelea, baiskeli, mbio na chuma cha mazoezi vikiwa pamoja. Anayeishi Nairobi huongeza juu yake saa za kuvuka jiji: kidimbwi kiko upande huu, barabara salama upande ule, msitu wa Karura wa kukimbilia upande mwingine. Usingizi ndio hukatwa kwanza, na bila usingizi mwili haujengeki.

Msimu wenyewe ni safari. Nafasi ya Olimpiki hupatikana kwa pointi, na pointi hutafutwa kwa kusafiri. Mwafrika huzisaka kwenye mashindano ya Kombe la Afrika, kwa mfano Troutbeck nchini Zimbabwe au Larache nchini Morocco, kabla ya kuthubutu kufikiria msururu wa dunia. Kila safari ina tikiti, ada ya mzigo wa baiskeli, viza na hoteli. Baiskeli ya mashindano pekee huweza kugharimu mamia ya maelfu ya shilingi. Mkimbiaji wa Iten anaweza kuanza na jozi moja ya viatu na kulipwa na mbio za barabarani mjini Valencia au Frankfurt. Mwanatraiathloni hutumia kwa miaka mingi kabla hajapokea chochote.

Suleiman Kangangi aliijua hesabu hiyo kwa upande wa baiskeli. Alimaliza wa tatu katika Tour du Rwanda mwaka 2017, kisha akawa nahodha wa Team Amani, timu iliyoanzishwa ili waendeshaji wa Afrika Mashariki wapate kushindana na walio bora duniani badala ya kuwatazama kwa mbali. Timu hiyo ilileta mashindano nyumbani: Migration Gravel Race, mbio za barabara za changarawe katika nchi ya Wamaasai, ilianza mwaka 2021, na wageni wakaja wao kupambana na Wakenya kwenye vumbi letu. Tarehe 27 Agosti 2022 Kangangi alianguka katika mashindano ya Vermont Overland nchini Marekani, akafariki. Alikuwa na miaka 33. Alikuwa amebeba mzigo wa chama, wa mfadhili, wa kocha na wa kaka mkubwa kwa wakati mmoja, na hakuna mwanamichezo anayestahili kutwishwa yote hayo.

Linganisha na Rwanda. Kigali hufunga barabara zake kwa magari mara mbili kila mwezi, asubuhi ya Jumapili, watu wakakimbia na kuendesha baiskeli. Agosti 2022 mji wa Rubavu, kwenye ufuo wa Ziwa Kivu, ulipokea Ironman 70.3: kilomita 1.9 majini, 90 kwa baiskeli, 21.1 kwa miguu. Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani. Hakuna lolote kati ya hayo lililodondoka kutoka mbinguni. Liliamuliwa ofisini, na watu wenye majina na mihuri.

Nairobi nayo iliwahi kuamua. Mwaka 2015 kaunti ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa waendao kwa miguu na waendesha baiskeli. Katikati ya jiji, Kenyatta Avenue, Wabera na Muindi Mbingu zikapata njia pana za waendao kwa miguu na michirizi ya baiskeli. Ukitoka hapo kwenda Kilimani au Kawangware, michirizi inakatika, na pale ilipo bodaboda wameigeuza kuwa maegesho. Ahadi ya mwaka 2015 ingetimizwa upande mmoja tu, tuseme kutoka Dagoretti Corner hadi Karen, watoto wangekwenda shule kwa usalama na mwanatraiathloni angepata kilomita zake bila kuaga familia kila alfajiri. Kaunti na wizara ya elimu zinaweza pia kukubaliana na shule na vilabu vyenye vidimbwi: saa mbili asubuhi ya Jumamosi kwa watoto wa shule za umma, mlinzi wa maji akilipwa na serikali. Vidimbwi vipo tayari. Kinachokosekana ni ufunguo.

Wapo watakaosema kufunga barabara kwa ajili ya michezo hakuwezekani katika jiji hili. Jumapili ya tarehe 8 Mei 2022 wakimbiaji walitengewa barabara ya Expressway yenyewe, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, kabla hata haijapokea magari. Katika mbio za Nairobi City Marathon, maelfu walikimbia juu ya jiji, Nyayo ikiwa chini yao na milima ya Ngong ikionekana magharibi. Siku sita baadaye magari yaliruhusiwa kupanda. Baiskeli hairuhusiwi hadi leo.