Sala Isiyo na Haja

Wasomaji wenzangu, lugha hii ina maneno mawili ambayo sisi wanafunzi tumeyachanganya: kusali na kuomba. Aombaye ana haja. Hata ombaomba wa njiani huomba. Kusali ni jambo pana kuliko hilo. Lakini sikilizeni sala zetu za bwenini mitihani inapokaribia: Mungu nipe maksi, Mungu niletee karo, Mungu mlainishe mwalimu wa hesabu. Ni orodha, kama ile apewayo mtoto anapotumwa dukani.

Mimi sipingi kuomba. Nisemalo ni hili: mtu asiyezungumza na Mungu ila kwa haja, siku haja yake isipotimizwa hana tena la kusema. Wako wenzetu walioacha kusali siku ile ile matokeo ya mtihani yalipotoka. Sala yao ilisimama juu ya nguzo moja, na nguzo ilipoanguka, sala nayo ikaanguka.

Dawa yake ni rahisi wala haina gharama: kutembea. Tena kutembea bila kujua uendako, na kusali bila haja mkononi. Neno lenyewe latufundisha, kwa maana kutoka katika kutembea tunapata kumtembelea mtu, yaani kwenda kumjulia hali. Mjukuu ambaye hufika kwa babu yake karo inapodaiwa tu, babu humtambua tangu akiwa mbali. Lakini yule ajaye siku isiyo na shida, akakaa tu, huyo ndiye aambiwaye habari za ukoo.

Wala jambo hili si jipya. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 24, chasimulia kwamba Isaka alitoka kwenda kondeni jioni ili kutafakari, akainua macho akaona ngamia wakimleta mchumba wake Rebeka. (Asitoke mtu hapa akitazamia ngamia!) Baba yake Ibrahimu naye aliondoka kwao asijue aendako. Katika Kurani, sura ya Al Imran, aya ya 191, wanatajwa wamkumbukao Mungu wakiwa wamesimama, wameketi na wamelala. Na tarehe ya kale ya Waingereza yaeleza kuwa mwaka 891 watu watatu wa Ireland walifika kwa Mfalme Alfred. Walikuwa wamevuka bahari kwa mashua ya ngozi isiyo na makasia, wakiwa na chakula cha siku saba, kwa kuwa walitaka kusafiri kwa ajili ya Mungu, popote pale. Baada ya siku saba walitokea Cornwall.

Mtu atasema: hapa Uganda tunao mahujaji wa Namugongo, yatosha. Hao nawaheshimu sana. Kila mwaka watu hutembea kwa miguu, wengine kutoka nchi jirani, wafike tarehe 3 Juni kuwakumbuka mashahidi waliouawa mwaka 1886. Lakini hija ina mahali pake na siku yake, na wengi huenda na maombi yao. Tena si kila mtu awezaye kukaa barabarani siku nyingi; saa moja ya Jumapili kila mtu anayo.

Mwingine atasema huo ni uzururaji. Nami namjibu kuwa tofauti itaonekana wakati wa kurudi. Mzururaji hurudi na muwa wa shamba la mtu. Aliyetembea na Mungu hurudi mikono mitupu.

Wa tatu atasema kuwa mawazo hutangatanga njiani. Na yatangetange! Pale mawazo yaendapo ndipo penye jambo lako la kweli. Labda ni jina la rafiki mliyegombana, au hofu ya nyumbani. Kanisani twalifunika kwa maneno mazuri kwa sababu watu wanasikia. Kwenye kijia cha migombani hakuna asikilizaye ila Mmoja, na yeye analijua tayari. Litaje, kisha endelea na mwendo.

Basi, anayetaka kujaribu na aombe ruhusa kwa mwalimu wa zamu, aache kitabu na saa, afuate njia yoyote bila kuchagua, awaamkie watu wote apishanao nao, asikanyage mazao, na ageuke jua likianza kuinama. Wanaoogopa peke yao na waende wawili, bila mazungumzo. Nanyi wanafunzi wa zamani mlioko maofisini, ambao hata safari ya sokoni mwaiandika katika shajara, acheni ukurasa mmoja mtupu.

Namwomba Mwalimu Mkuu atupe saa hiyo moja kila Jumapili alasiri. Na wanaonipinga, Mhariri awape nafasi katika toleo lijalo.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu