Mtihani wa Umahiri na Lugha Iliyoachwa Mlangoni

Imezoeleka katika idara za lugha za vyuo vikuu vya Kenya kuuona mtihani wa umahiri wa Kiingereza kuwa kivuko tu. Mwanafunzi wa isimu au fasihi anayetaka kuendelea na shahada ya uzamili huko Uingereza, Australia au Kanada hujisajili, hununua vitabu vya mazoezi, hujifungia kwa majuma kadhaa, hupata alama anazotakiwa kupata, kisha hushika njia. Wahadhiri wake humtakia heri. Hakuna anayeuliza mwanafunzi huyo amejifunza nini katika majuma hayo, seuze kuuliza amejifunza kusahau nini. Dhana inayotawala ni kwamba mtihani hupima kilichopo, haukiongezi wala kukipunguza, kama mizani ya sokoni isivyobadilisha uzito wa mahindi. Dhana hiyo haina mashiko. Matayarisho ya mtihani ni elimu, tena elimu kali kuliko ile ya darasani, kwa kuwa anayejitayarisha ana hofu na amekwisha lipa ada. Kinachofundishwa na elimu hiyo chastahili kuhakikiwa, na wahakiki wa fasihi ndio wenye haki ya kwanza ya kukihakiki, maana taaluma iliyofukuzwa humo ni yao.

Ilifukuzwa, kwa sababu hapo mwanzo ilikuwamo. Cheti cha Umahiri wa Kiingereza cha Cambridge kilianza kutahiniwa mwaka 1913. Kilikusudiwa wageni waliotaka kuthibitisha ujuzi wao ili wakaifundishe lugha hiyo makwao, yaani watu wasiotofautiana sana na wanafunzi wa lugha wa leo. Mtihani wote ulichukua saa 12: tafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa au Kijerumani, tafsiri ya kurudi pamoja na maswali ya sarufi, insha, fasihi ya Kiingereza, fonetiki, imla, kusoma kwa sauti na mazungumzo. Watahiniwa walikuwa watatu na wote watatu walianguka. Miongoni mwa mada za insha walizotakiwa kuchagua ilikuwamo moja juu ya Matthew Arnold na nyingine juu ya uasi wa Wahindi wa mwaka 1857.

Hapana haja ya kuulilia mtihani huo. Ulikuwa mwana wa dola yake. Lugha za watahiniwa ulizozitambua zilikuwa mbili tu, zote za Ulaya, na mtu aliyechagua kuandika juu ya uasi wa Wahindi alijua mapema ni upande gani uliotarajiwa kusifiwa. Hata hivyo, chini ya kiburi hicho palikuwa na nadharia ya lugha iliyo pana kuliko ile inayotawala leo. Watungaji wake waliamini kwamba kuijua lugha ni pamoja na kuweza kuyasoma maandishi yake mazito. Waliamini vilevile kwamba mtahiniwa huingia chumba cha mtihani akiwa na lugha nyingine kichwani, na kwamba namna anavyozikutanisha lugha hizo mbili ni sehemu ya ujuzi unaopimwa. Fasihi na tafsiri ndivyo vilivyotolewa. Kufikia marekebisho ya mwaka 1975, vyote viwili vilikuwa vimeondolewa katika karatasi za lazima na kubakishwa pembeni kama hiari. Mwaka 2013 mtihani ulifupishwa tena, nao sasa huchukua takriban saa 4.

Sababu za kuondolewa huko hazikuwa za kipuuzi. Tafsiri ni ngumu kusahihishwa kwa usawa. Watahiniwa walizidi kutoka mataifa mengi, na wasahihishaji wa kila lugha hawakuwa wakipatikana. Mbinu ya kufundisha lugha kwa sarufi na tafsiri ilikwisha laumiwa, tena kwa haki, kwa kuzalisha watu wawezao kuchanganua sentensi ya mshairi ilhali hawawezi kuagiza chai. Fasihi nayo iliwapa nafasi wakariri kuyatapika maoni ya wahakiki wasiowaelewa. Yote hayo yakubalike. Lakini kilichotolewa kwa sababu ni kigumu kusahihishwa kilikuja kuchukuliwa kuwa si sehemu ya umahiri hata kidogo. Shida ya ofisi ya mitihani iligeuzwa kuwa nadharia ya lugha, na nadharia hiyo ndiyo anayoinywa mwanafunzi anapojitayarisha.

Litazamwe zoezi moja ambalo watahiniwa wa cheti hicho huliogopa kuliko mengine. Mtahiniwa hupewa sentensi, hupewa neno ambalo haruhusiwi kulibadilisha, kisha hutakiwa kukamilisha sentensi ya pili kwa maneno kati ya matatu na manane ili iwe na maana ile ile ya kwanza. Aina moja iliyozoeleka ni ya majuto: sentensi ya kwanza husema kwamba mtu anajutia kutomwambia mwenzake jambo, na ya pili hutakiwa iwe ya kutamani kwamba angalimwambia. Kwa Kiswahili ni kama kugeuza "Najuta kutomwambia" kuwa "Laiti ningalimwambia". Mtahiniwa akifaulu hupata alama 2, na mafanikio yake humthibitishia kwamba sentensi hizo mbili ni kitu kimoja.

Msemaji yeyote wa Kiswahili anajua kwamba si kitu kimoja. "Najuta" ni kukiri: mtu aweza kuitamka mbele ya hakimu, mbele ya mzazi, hata katika barua ya kuomba radhi. "Laiti" ni kilio. Humtoka mtu pale ambapo hakuna tena wa kuombwa radhi, na aghalabu anayeambiwa hayupo. Mwandishi wa riwaya anayempa mhusika wake "najuta" badala ya "laiti" amekwisha amua kama bado kuna tumaini la kusameheana. Uhakiki wa mtindo umejengwa juu ya tofauti za namna hiyo. Mwanafunzi wa fasihi aliyetumia miaka minne akifunzwa kuziona hutumia majuma sita akifunzwa kutoziona, na hulipa ili afunzwe hivyo.

Mtetezi wa mtihani atajibu kwamba asiyeweza kuunda sentensi zote mbili hawezi kuchagua baina yake. Jibu hilo ni sahihi, nalo lingetosha iwapo zoezi lingeendelea hadi kwenye uchaguzi wenyewe. Haliendelei. Vitabu vya mazoezi hukoma kwenye usawa wa maana, kwa kuwa usawa ndio unaolipwa alama. Swali la kwamba ipi kati ya sentensi hizo ingefaa zaidi, mahali gani, na kinywani mwa nani, haliulizwi popote.

Kuhusu insha hapana haja ya kurefusha maneno. Katika IELTS, mtihani ulio maarufu zaidi kwa wanafunzi wa Kenya wanaokwenda ng'ambo, mtahiniwa hushauriwa kutumia dakika 40 kuandika maneno yasiyopungua 250 juu ya mada ya jumla isiyohitaji awe amesoma chochote. Wasahihishaji wameagizwa kuwa macho na majibu yaliyokaririwa, jambo linaloonyesha kwamba watungaji wanaijua hatari. Lakini insha isiyodai matini wala ushahidi humwalika mtu kukariri muundo mtupu: wapo wanaosema hivi, wapo wanaosema vile, na ukweli uko katikati. Wahadhiri wanaosimamia tasnifu wameuona muundo huo ukirudi katika sura nzima za uhakiki.

Sasa na litajwe tendo moja la umahiri wa Kiingereza ambalo mtihani wa leo hauna pa kuliweka. Julius Nyerere, aliyehitimu Edinburgh mwaka 1952, alichapisha tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar mwaka 1963, akiwa rais. Hakuridhika nayo. Aliirekebisha, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo ilitoka Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ambayo kichwa chake cha Kiingereza humtaja mfanyabiashara mmoja tu wa Venisi. Mengi yameandikwa kuhusu neno "mabepari" katika kichwa hicho, na wengi hulipita kama siasa tu za baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Siasa imo, bila shaka. Lakini "bepari" ni neno lililotoka Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara, kabla halijapewa maana ya mnyonyaji. Kwa hiyo neno la Nyerere ni aminifu kwa Shakespeare na wakati huo huo linamshtaki. Wingi wake ndio wenye uzito zaidi. Katika Kiingereza mfanyabiashara wa kichwani ni Antonio, ingawa watazamaji wengi hudhani ni Shylock. Kosa hilo la kawaida lina ukweli ndani yake, nao wingi wa Kiswahili umeuweka ukweli huo wazi. Mkopeshaji na mkopaji, Myahudi na Mkristo, wote wamefungwa katika ngeli moja. Hiyo ni hoja ya kihakiki iliyojengwa kwa kiambishi.

Ni nani atakayedai kwamba tendo hilo halihitaji umahiri wa juu wa Kiingereza? Lahitaji kuujua msamiati wa karne ya kumi na sita, kuielewa kejeli, kupima kila neno dhidi ya neno la lugha nyingine. Katika mtihani wa mwaka 1913 tendo kama hilo lingekuwa na karatasi yake, ijapokuwa kwa Kifaransa na Kijerumani tu. Leo halina. Kiswahili cha mtahiniwa huachwa mlangoni pamoja na mkoba na simu.

Mwanafunzi wa Kenya ana sababu ya ziada ya kuuchungulia mlango huo. Kiingereza ni lugha rasmi ya nchi yake kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010, na amefundishwa kwacho masomo mengine tangu darasa la nne. Katika KCSE ametahiniwa vitabu teule vya fasihi, jambo ambalo mtihani unaoitwa wa umahiri wa juu haumdai. Hata hivyo, orodha ya serikali ya Uingereza ya nchi ambazo raia wake husamehewa kuthibitisha Kiingereza wanapoomba viza haina hata nchi moja ya Afrika. Jamaika, Guyana na Malta zimo. Vyuo vingine hukubali alama ya KCSE, vingine hukataa. Matokeo ya IELTS kwa kawaida huhesabiwa kuwa halali kwa miaka 2, kana kwamba Kiingereza cha Mwafrika huoza kama samaki.

Ni rahisi basi kuielekeza lawama yote ng'ambo, na wengi huishia hapo. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, kama kilivyokuwa wakati huo. Mjadala wao ulihusu vitabu vya nani viwekwe katikati. Mtihani wa umahiri umeumaliza mjadala huo kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia: havisomwi vya yeyote. Na idara zilizorithi ushindi wa mwaka 1968 zimenyamaza. Nyingine huwashauri wanafunzi wao waache kwa muda kusoma riwaya ili wapate nafasi ya kufanya mazoezi.

Idara za Kiswahili nazo zisijione ziko salama. Zoezi la kuandika upya sentensi pasi na kubadilisha maana limekita mizizi katika mitihani ya Kiswahili ya shule. "Wazee walimkataza msichana kwenda mjini" hugeuzwa kuwa "Msichana alikatazwa na wazee kwenda mjini", mwalimu akatia alama ya vema, na hakuna anayeuliza kwa nini hadithi inayoanza kwa wazee si ile inayoanza kwa msichana. Afadhali shuleni ipo karatasi ya tatu, ya fasihi. Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, hamu ya kuwa na mtihani wa kimataifa wa umahiri wa Kiswahili imezidi kusikika, na kielelezo kinachotazamwa ni kile kile cha Cambridge na wenzake: mapengo ya kujazwa, majibu ya kuchaguliwa, insha isiyo na kitabu. Mgeni atakayefaulu mtihani wa namna hiyo ataweza kununua nyanya Mombasa na kuandika barua kwa afisa wa uhamiaji. Hataweza kusoma utenzi.

Njia nyingine ipo, wala haihitaji kumsubiri mtu wa Cambridge. Idara zinaweza kuyatwaa matayarisho yenyewe. Mwanafunzi afanye zoezi la sentensi mbili kama linavyotakiwa, apate alama zake 2, kisha aandike ukurasa mmoja juu ya kilichopotea kati ya sentensi ya kwanza na ya pili. Apewe kipande cha nathari ya Kiingereza akitafsiri kwa Kiswahili, na kipande cha Kiswahili akitafsiri kwa Kiingereza, atetee kila uteuzi wake mbele ya wenzake. Na mtihani wa Kiswahili utakapotungwa, uwe na karatasi ya tafsiri na karatasi ya fasihi, zote za lazima, hata kama usahihishaji utachukua muda mrefu zaidi. Karatasi hizo zitahitaji wasahihishaji wanaozijua lugha mbili kwa kina. Cambridge haikuweza kuwapata kwa kila lugha ya watahiniwa wake. Katika vyuo vikuu vya Kenya wapo, wameajiriwa, na mara nyingi ofisi zao hutazamana katika ukumbi mmoja.